Semeni kwa Maneno Mawili

Barabara ya Bugarika juu ilikuwa mita mia nne na kumi,
lami nyepesi, mitaro pande zote mbili,
na kifungu namba saba: kulipua jabali.
Niliikadiria mwenyewe, usiku, kwa kikokotoo cha simu:
milioni mia sita na arobaini.
Kifungu namba saba peke yake kilikula karibu nusu.

Ndipo akaletwa Bi. Kokushubila,
mfupi, viatu vya raba, sauti ya mwalimu wa darasa la tatu.
Akabandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata,
juu ya ratiba ya chanjo, akasema:
Msiniambie mnataka kujenga nini.
Niambieni hicho kitu kitafanya nini.
Semeni kwa maneno mawili. Kitenzi, kisha jina.

Tukacheka. Mhandisi Bwire alicheka kutuzidi.
"Kupitisha magari."
"Mangapi?"
Mtendaji wa mtaa akahesabu kwa vidole,
mkono mmoja ukamtosha, ukabaki na chenji.

Diwani akasema, "Kuleta maendeleo,"
akageuka kututazama, akingoja makofi.
Kalamu haikusogea.

Nkwimba Lugembe alikuwa ameketi karibu na mlango,
ndoo yake nje, kaiziba kwa jani la mgomba,
soda yake haijafunguliwa: alikuwa anampelekea mjukuu.
"Kupandisha maji," akasema.
Kalamu ikaandika.
"Kushusha mjamzito."
Kalamu ikaandika.
Akanyamaza kidogo.
"Kushusha jeneza. Mwaka juzi baba mkwe tulimfunga kwa kamba ya mtumbwi,
tukamteremsha jiwe kwa jiwe,
kama kabati."

Hadi jioni ukuta ulikuwa umejaa vitenzi
na barabara haikuwemo.
Zilikuwemo ngazi pana, za watu wanne na mzigo wao.
Lilikuwemo tangi, juu kabisa,
na jabali lile nililolitoza milioni mia tatu ili liondoke
likaambiwa likae hapo hapo libebe tangi,
nalo likakubali, bure.
Bwire alinyamaza, akachora, akafuta, akachora tena.
Tulipotoka ziwa lilikuwa jeupe kama bati jipya
na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga,
furaha ya mtu aliyekosolewa vizuri.

Milioni mia mbili na tisini.

Ningependa shairi liishie hapo.

Lakini karatasi zilishuka mjini, kwenye meza ndefu yenye kitambaa cha kijani,
na mtu mmoja, mpole tu, aliyeshiba,
akaweka kidole kwenye kifungu namba kumi na moja:
"Hivi vyuma vya kushikia, pembeni mwa ngazi.
Si tunaambiwa tubane thamani?"
Alitaka kusema gharama. Hakuna aliyemsahihisha.
Karibu na mlango hapakuwa na mtu.

Nilikuwepo mimi.
Nililijua jibu, tena kwa maneno mawili:
kushika mtu.
Nikachukua rula, nikapiga mstari,
mstari ulionyooka, kazi safi.
Wahenga walisema rahisi ghali.
Hawakusema analipa nani.

Mvua za Aprili zilipokwisha nilipanda kwenda kukagua
ili mkandarasi amaliziwe malipo yake.
Ngazi mia tatu na sita. Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu.
Kuanzia ya tisini, kwenye kona ile yenye utelezi,
mtu alikuwa amepigilia nondo kwenye jiwe,
moja, nyingine, nyingine tena,
na kupitisha kamba.

Nkwimba alikuwa anashuka, mkono wa kushoto umefungwa bandeji,
ndoo tupu kwenye mkono wa kulia.
Alinisalimia vizuri. Aliuliza hali ya Bi. Kokushubila.
Hakusema lolote kuhusu mkono, wala mimi sikuuliza.

Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuiandika ile kamba:
haimo kwenye mkataba, haina kipimo, haina bei.
Ilikuwa ya mtumbwi. Ilinuka dagaa.
Niliishika.