Midomo ya Ami Humudi

Picha ya kwanza ilitundikwa Ruwi,
dukani kwa fundi Vishramu, juu ya cherehani:
ami yangu Humudi, kanzu nyeupe pepepe,
kishada kifuani, kilemba cha Kashmiri
alichofungwa na mtu mwingine,
maana yeye, mzaliwa wa Wete, hakujua kukifunga.
Mgongoni pini kumi na tatu.
Hizo picha haikuzionyesha.

Alilipwa kwa vitambaa.
Baadaye kwa riali. Baadaye
uso wake ukauza saa, manukato, mchele wa basmati,
viyoyozi vya Kijapani. Mwaka mzima wa sabini na nane
alikuwa ukutani kwetu, Januari hadi Disemba,
na mama aliandika chini ya kidevu chake
siku ya kulipa umeme.

Sokoni Matrah watu walimsimamisha,
wakamsalimu kwa Kiarabu cha milimani,
naye akatabasamu, akashika kifua,
akaondoka kama mtu aliyeacha maji bombani.
Miaka minne katika nchi ya babu zake
na bado ile kafu nzito ilimkwama kooni
kama mwiba wa changu.

Televisheni wakamwita. Wakamvika jambia,
wakamwambia: wewe ni mkuu wa kabila, kemea.
Akakemea.
Studio nzima ikacheka, hata mshika taa akakaa chini.
"Uso wa Nizwa," alisema mkubwa wao, "ulimi wa Darajani."
Ami akarudi Wadi Kabir, akavua kilemba,
akala wali uliopoa, amesimama.

Kisha akaja Jasimu, kijana wa Bahareni,
ana kamera, hana fedha ya sauti.
Akasema: nataka filamu bubu.
Ami akauliza mara mbili: bubu kabisa?
Kabisa.
Nilikuwepo. Sijapata kumwona mtu
akifurahi vile kwa kunyamazishwa.

Filamu tatu. Nyumba ya udongo Birkat al-Muz,
joto la kuchoma chapati juu ya boneti,
Jasimu akipiga kelele: "Midomo, Humudi! Midomo iende!"
Ikaenda.
Maandishi ya Kiarabu yalitiwa baadaye, meupe juu ya weusi:
*Ewe usiku, nirudishie aliye wangu.*
Klabuni, safu za mbele, waungwana walipangusa macho.
Safu ya nyuma ni sisi, wa Unguja, wa Pemba, wa Bujumbura,
tunauma ncha za kanga tusicheke,
maana midomo ilisema wazi:
"Zuwena, umezima jiko? Maharage yanaungua."
Na Bi Zuwena, mkewe, ubavuni pangu,
akajifunika uso mzima.

Alimtongoza binti wa mfalme kwa bei ya samaki.
Alimwapia adui kisasi kwa kutaja vijiji,
kimoja kimoja, toka Wete mpaka Konde.
Wasiojua wakasema: ana kina huyu.
Gazeti likaandika: kimya chake kinazungumza.
Ni kweli, ingawa mwandishi alibahatisha.

Jasimu akapata fedha ya sauti,
na Ami akapata kazi bohari ya mabomba, Ghala.
Miaka ishirini na mitano akihesabu viungo na koki.
Kalenda zikafungiwa sambusa.

Ile filamu ya tatu sikuiona. Nilikuwa na surua.
Juzi mwanawe Jasimu kanitumia kipande kwa simu,
dakika mbili, Ami anakufa.
Nimekitazama jikoni mara saba,
simu imeegemea kopo la hiliki.
Amelala juu ya jamvi. Maandishi yanasema:
*Nchi yangu, nipokee.*
Lakini midomo, na kamera imesogea karibu mno,
jasho linateremka na wanja,
midomo haisemi maharage.

Inasema, "Hodi."
Inangoja.
"Hodi," tena.

Ya tatu Jasimu aliikata.