Bega na Jicho

Dukani kwa Anesti, nyuma ya mlango wa chuma wenye makufuli matatu,
bunduki nne zimelazwa juu ya blanketi la kijivu
kama wagonjwa wanaomngoja daktari.
Daktari ni mimi. Sijasomea.

Nilichosomea ni umbali.
Miaka thelathini na mmoja nimeishi jicho moja limefumbwa,
nikiitazama ardhi ya shaba kupitia nyuzi mbili zilizokatana,
nikiwaambia wachimbaji: hapa, si pale.
Nionyeshe kilima, nitakutajia mita zake
kabla hujamaliza kupiga chafya.
Kwa hiyo jicho halinitishi.
Ni bega.

"Hii iko tatu sabini na tano," anasema Anesti.
"Ile iko nne hamsini na nane, ya nyati.
Uko na nyati, papa?"

Sina nyati. Nina karatasi.
Nina duara jeusi, upana wa sahani ya bukari,
nimelibandika kwenye kichuguu chekundu njia ya Kipushi,
mita mia tatu kutoka mkeka ninaolalia kifudifudi
Jumapili baada ya misa.
Nyuma ya kichuguu kuna kichuguu kikubwa zaidi,
na nyuma ya hicho hakuna mtu, hakuna njia, hakuna shamba.
Nimepima mwenyewe. Mara mbili.

Naiinua ile ya nyati.
Ina uzito wa mtoto aliyelala.
Chisenga alinunua ya namna hii mwaka juzi:
risasi ya kwanza, darubini ikampasua nyusi;
ya pili hajaipiga mpaka leo.
Wageni wakija anawaonyesha bunduki, kisha kovu,
na kovu ndilo wanalolisifu.

Halafu kuna hesabu ya Ngalula,
aliyoiandika nyuma ya stakabadhi ya umeme:
risasi moja, kilo kadhaa za unga;
risasi kumi na tano kila Jumapili.
"Basi kichuguu chako kinakula kutushinda," alisema,
akaendelea kuchambua sombe.

Ndogo ingetosha. Naijua hiyo kweli, sikuificha hata kwa padri.
Karatasi haihitaji kuuawa.
Lakini nilikulia mtaa wa Kenya, chini ya kitanda,
usiku ambao mama alitufundisha kuhesabu kwa milio:
moja, mbili, nyamaza, tatu.
Kila mlio ulikuwa na jina la mtu ndani yake
na sisi tuliomba lisiwe letu.
Sasa nina miaka sitini na nne.
Nataka mlio mkubwa niliouita mwenyewe,
mchana, jua likiwa juu,
usio na jina la mtu ndani.

Ya tatu ni kuukuu.
Mbao ya kitako imechakaa pale shavu hukaa,
shavu la nani, Anesti hakumbuki.
Naliweka langu. Linaingia.
Navuta kifyatulio, chumba kitupu:
kinakatika kama kijiti kikavu cha Agosti,
bila kuburuta, bila kunionya.
Tatu sabini na tano. Teke lake ni la punda,
si la nyati. Bega linasema: jaribu.

Anesti anafungua daftari. "Matumizi?"
"Karatasi," namwambia.
Anacheka mpaka miwani inamteleza.
"Karatasi zenyewe bado, papa. Kibali, muhuri, picha nne."
Anairudisha kwenye blanketi, anafunga kufuli la kwanza,
la pili, la tatu.

Natembea kurudi nyumbani mikono mitupu,
jakaranda zimemwaga zambarau njia nzima,
nakanyaga bila kupima.

Ngalula haniulizi bei.
Ameshakata kipande cha koti langu la kazini,
lile la mgodini, lenye kiwiko kilichotoboka,
anakijaza pamba, sindano iko mdomoni.
"Bega gani?" anauliza.