Orodha ya Usingizi

Nsimire alirekodi chini ya blanketi, Kadutu,
umeme ungali upo.
Mvua ikapenya bati, ikaingia kwenye wimbo.
Hakuifuta. Wimbo wenyewe ni wa mvua ile
iliyoteremsha nyumba ya shangazi mpaka mtoni Kawa.

Fomu ikamuuliza: wimbo huu ni wa nini?
Mazoezi. Mapenzi. Safari. Karamu.
Alikaa, kidole hewani,
hadi megabaiti za franka mia tano zikaisha.

Kesho yake akanunua tena. Akaacha pale wazi.

Wiki ya sita, jibu: umeingia orodhani,
kati ya mlio wa kijito na wa feni,
Sauti za Kulalia.
Watu elfu tatu wasiojua Kiswahili
husinzia kila usiku
kabla ya ubeti wa pili,
pale anapomtaja shangazi kwa jina.