Spana Namba Ishirini na Saba

Mkaguzi alikuja Jumanne, viatu vikavu
ingawa Changamwe yote ilikuwa tope.
Akauliza vitanda: vingapi.
Wauguzi wa usiku: wangapi.
Mashuka, je, yana mhuri?
Nikajibu, mimi Mwanakombo wa masjala,
niliyezoea kuandika majina ya watu
wangali wanahema.

Karatasi yake haikuwa na kisanduku cha spana.

Usiku ule wa masika umeme ulikuwepo.
Dawa zilikuwepo. Daktari Mwachiro alikuwepo,
macho mekundu, lakini alikuwepo.
Na mtungi wa oksijeni, umejaa pomoni,
umesimama kando ya kitanda cha tatu
kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.
Mtoto wa Kadzo alikuwa akivuta pumzi kwa mbavu.
Spana ya kufungia geji ilikuwa Miritini,
mfukoni mwa koti la mtu wa zamu ya mchana,
koti limetundikwa mlangoni, mwenyewe amelala.

Tulijaribu koleo. Nati ikang'ang'ana.
Mbwarali, mfagizi, hakuomba ruhusa:
alitoka na ufagio mkononi, akausahau getini,
akakimbia hadi gereji ya malori, Magongo,
akamwamsha utingo chini ya trela.
"Yakhe, namba ishirini na saba!
Usiniulize ya nini."

Dakika kumi na moja. Nilizihesabu
kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Daktari alikuwa akibinya mfuko wa hewa,
muuguzi Mapenzi ameshika kidevu cha mtoto,
akimsemesha Kiduruma, taratibu,
maneno ambayo sikuyaandika popote.

Kisha mtungi ukalia fyuu.
Hakuna aliyeshangilia. Kadzo alikaa sakafuni,
akaomba maji.

Alfajiri Mapenzi aliifunga spana ile ya gereji,
na grisi yake, kwa utepe wa leso
shingoni mwa mtungi, mafundo matatu.
Ya serikali ilirudi saa mbili, ndani ya koti,
ikatiwa droo. Ipo.

Nilimwambia mkaguzi haya yote.
Alisikiliza, haki ya Mungu alisikiliza,
kalamu ikining'inia.
Kisha akauliza: "Mitungi mingapi?"
Mmoja, nikasema.
Akaweka alama ya vema.

Nyuma yake Mbwarali alikuwa akipiga deki,
akikausha pale alipotaka kukanyaga,
asije akateleza.