Komeo

Tiketi ni shilingi elfu tatu, na nyuma imepigwa muhuri:
*Pamoja na gharama za matengenezo.*
Ninazo kumi na tisa, ndani ya kopo la kahawa.

Chumba cha kubadilishia nguo, upande wa wanawake,
kina misumari sita ukutani.
Mitano imekula kutu.
Wa sita ni mzima kwa kuwa nilitoka nao nyumbani
nikaupigilia kwa jiwe.
Bomba hukohoa kwanza, ndipo liteme
maji ya rangi ya chai ya mkandaa.
Sakafuni pana dimbwi halijakauka tangu Pasaka;
tumepanga matofali mawili, tunavuka
kama watu wa Nzovwe mto ukijaa.
Nje, ukungu unashuka kutoka Loleza.
Ndani, ukungu unapanda ukutani, mweusi, una manyoya.
Lugha imeviita jina moja,
na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini
mpaka nilipoegemea ule wa ndani.

Na mlango hauna komeo.

Kwa hiyo tunashikiana.
"Nishikie," unamwambia mtu usiyemjua hata ukoo,
naye anaweka mgongo wake kwenye mbao,
anatazama bwawa, anapiga soga.
Nyuma ya mlango ule nimejua
parachichi zimeshuka bei Rungwe,
Subilaga wa benki amerudi kwao na watoto,
na kwamba kuna dawa ya magoti, ila ni chungu.
Mjini tukikutana, hatusalimiani.

Nina miaka hamsini na minne.
Tumboni nina mshono, wanangu watatu walipita hapohapo.
Sikuuleta huku uonwe.
Niliuleta uelee.

Siku moja, Julai, baridi isiyo na adabu,
aliyenishikia aliitwa na mwanawe, akaondoka.
Mlango ukafunguka: kijana wa shule, anafukuza mpira.
Alinitazama kama mtu aliyemwaga maziwa ya watu.
Tuliona haya wote wawili,
na wote wawili hatukuwa na kosa.
Mwenye kosa alikuwa ofisini, anapuliza chai.

Nikaenda Mwanjelwa.
Komeo, elfu mbili na mia tano. Skrubu nne, bure.
Bisibisi nikaazima kwa Ambakisye mlinzi,
aliyegeuka akautazama mlima muda wote
ili akiulizwa aseme aliona mlima.

Jumamosi nzima lilifanya kazi.
*Ta!* Halafu kimya.
Nilivua soksi moja, nikapumzika.
Nikavua ya pili.

Jumatatu halikuwepo.
Bwana Mwasenga, msimamizi, akanifungulia daftari la mali:
"Mlango, mmoja. Bawaba, tatu. Komeo halimo.
Mkaguzi akikuta kitu kisichomo humu, mama,
mwizi ni mimi."
"Mwizi wa kitu kilichoongezeka?"
Akafikiri. Kwa kweli alifikiri; uso wake si wa mtu mbaya.
Kisha akanikabidhi komeo langu ndani ya bahasha ya kaki,
akanisainisha mahali pawili.
Skrubu zilikuwa tatu. Sikuuliza.

Liko mkobani hadi leo, linagongana na funguo.
Mlangoni yamebaki matundu manne,
usawa wa bega la mtu mfupi kama mimi,
na upepo umeyajua.

Asubuhi hii nimemkuta binti mgeni, sweta la shule,
taulo kifuani kama daftari la mtihani,
anatazama mlango, anatazama watu, anatazama mlango.
"Shikamoo mama. Samahani... unaweza kunishikia?"

"Marahaba."
Nikaweka mgongo kwenye matundu.
"Ingia. Tundika kwenye msumari wa mwisho.
Na angalia mguu, mwanangu,
tofali la pili linacheza."