Ajenda ya Tatu

Niliandika: kikao kilianza saa nne na dakika kumi,
wajumbe watano, soda tano,
udhuru wa mmoja aliyekwama Ahero.
Niliandika kwamba Bi. Nafuna aliongoza maombi.
Ajenda ya kwanza na ya pili ziliteremka kama uji.
Ya tatu ilikuwa Kocha Makokha.

Alikuja na tai. Sijawahi kumwona na tai.
Huwa ni filimbi shingoni, kofia ya bluu iliyopauka,
na sauti inayotoka uwanjani ikafika Kondele bila kupanda boda.
Vikombe vitatu, alisema, kabatini mwa mwalimu mkuu.
Kabla yangu mlikuwa na nini? Vumbi.
Hakuna aliyembishia. Kweli, palikuwa na vumbi.

Mama wa mtoto akasimama,
mikono ingali inanuka omena, akaificha ndani ya leso.
Msimfukuze. Karo ya muhula wa pili alilipa yeye.
Viatu alivyovaa Akeyo, yeye.
Gongo lake, yeye.
Nikaandika: Mzazi hana malalamiko.

Akeyo ana miaka kumi na mitano. Ni kipa.
Jumamosi walifungwa kule Nakuru,
bao la dakika ya mwisho, katikati ya miguu yake.
Jumatatu kocha akamwambia avue pedi,
avue na kofia, asimame golini,
kisha akapanga mipira tisa kwenye mstari,
mipira ya magongo, ile migumu kama jiwe la kusagia.
Wenzake waliamriwa kuhesabu kwa sauti.
Wa saba ulimvunja kidole.
Kocha akapiga wa nane.
Wakahesabu.
Akapiga wa tisa.

Samaki mkunje angali mbichi, alisema Makokha,
na wajumbe wawili wakaitikia kwa vichwa.
Mama, anayejua samaki kuliko sisi sote,
akatazama sakafu.

Mwenyekiti akauliza: Mwanangu, una la kuongeza?
Feni ilikuwa ikilia juu yetu.
Akeyo akasema polepole, kwa Kiswahili cha darasani:
Naomba kuuliza. Ni mpira wa ngapi
ulioacha kuwa mazoezi?

Kalamu yangu ilishafika kwenye neno "ngapi".
Mwenyekiti akanitazama.
Hilo ni swali, katibu, si ushahidi.
Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika:
Mchezaji hakuwa na la kuongeza.

Kocha akapewa miezi sita nje ya uwanja.
Wa tatu haujaisha, na nimeisikia filimbi yake
shule ya jirani, ng'ambo ya reli.
Wanashinda, naambiwa.

Kumbukumbu zimo kwenye faili ya kijani, rafu ya chini.
Ukizifungua, usisome nilichoandika.
Nenda ukurasa wa nne, kwenye sahihi ya mchezaji.
Alitia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na bendeji.
Herufi zimelaliana,
na ile e ya katikati
imetoboa karatasi.