Boksi la Tishu

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mjini Łódź,
ghorofa ya tatu ya kilichokuwa kiwanda cha nyuzi.
Viti kumi na viwili, duara lisilokamilika
kwa sababu ya nguzo ya chuma iliyogoma kusogea.
Bożena, mkufunzi wetu, hana daftari.
Kila wiki anasema: la humu halitoki humu,
kisha ananyamaza kama mtu aliyezima jiko.

Nilikuja na hadithi yangu nimeipiga pasi:
talaka ya wazazi nikiwa na miaka tisa,
begi la nguo kati ya nyumba mbili.
Hadithi ya kutokea, kama ilivyo nguo ya kutokea.
Nimeisimulia mara nyingi, hainiumi tena.
Hainiumi, wala hainijui.

Akaanza Wacław, dereva wa tramu miaka ishirini na mitatu
kabla hajaja kusomea kusikiliza.
Alisema: mama yangu alikuwa akihesabu vijiko.
Basi. Kila usiku, mbele yangu, moja moja.
Na mimi mpaka leo, nikialikwa chakula,
naweka mikono juu ya meza ionekane.

Wengine waliinama. Mimi, ndani kwa ndani,
nilikuwa nimeshamfungulia faili:
fedheha; mama mkali; umri wa makamo.

"Jagoda," akasema Bożena, "uko wapi?"
"Hapa."
"Hapa wapi?"

Nikaona haya, nikasema kweli:
nilikuwa namwandikia dawa.
Na mdomo, ukishafunguka, haungoji pasi.
Ukasema kwamba kaka yangu Gniewko alipokufa
nililala usingizi mtamu, wa kwanza baada ya miezi,
kwa sababu simu isingelia tena saa nane usiku.
Nililala. Mama ndiye aliyeniamsha
niende kumzika.

Nikalia kilio kibaya, cha makamasi.
Kinga, mwenye roho nzuri, akalisukuma boksi la tishu
mpaka likagusa kiatu changu.
"Liache," akasema Bożena, bila ukali.
"Unamfuta yeye, au unajifuta wewe?"

Hakuna aliyejibu. Bomba la joto liligonga mara mbili.
Mtu mmoja alipiga miayo, akaomba radhi.
Wacław aliniangalia. Meza haikuwapo,
nikaona mikono yake inavyotafuta mahali pa kutua.

Sikupona. Naliandika hili nisije nikadhaniwa.

Tulirudi naye kwa tramu, kiti kimoja.
La humu halitoki humu, kwa hiyo tuliongea breki:
jinsi ya kusimamisha tani arobaini
juu ya majani yaliyolowa kwenye reli.
Usikanyage ghafla, alisema. Mwaga mchanga
mbele ya magurudumu. Halafu vumilia,
maana kwa muda utaona kama haisimami.

Jumatatu, mteja wangu wa kwanza,
binti wa duka la viatu, koti hajalivua.
Alifika kwenye neno "baba" macho yakamjaa.
Boksi lilikuwa upande wangu.
Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe,
ulivyozoea wema.

Nikaukalia.

Akaendelea.